Herufi za Kigothi kwenye cheti: namna ya kuzitumia zikasomeka

Vyeti vya kwanza nilivyoviharibu kwa herufi za Kigothi, yale maandishi ya kizamani yenye pembe, vilikuwa vya kumaliza darasa la saba. Nilikuwa na miezi minne tu kwenye kazi ya steshenari. Nilipoikuta fonti ya Old English Text kwenye kompyuta ya duka nikadhani nimeokota dhahabu. Nikaandika kila kitu kwa fonti hiyo: jina la shule, maneno ya katikati, majina ya watoto, na yote kwa herufi kubwa. Mwalimu aliyekuja kuvichukua akakishika cha juu, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu.

"Fundi, huyu mtoto ni nani?"

Nikakitazama. "Shikamoo tena, mwalimu," ndilo jibu pekee nililokuwa nalo, maana hata mimi niliyelichapa jina sikuweza kulisoma. Lilikuwa MWANAIDI.

Tulivirudia vyote kwa gharama yangu. Ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyojifunza baada ya siku hiyo. Nitazungumzia zaidi cheti, kwa kuwa ndicho wateja wanachokiombea herufi hizi, lakini anayetengeneza nembo, stika au fulana atapata lake pia.

Kwanza ujue unashika ipi

Mteja akisema "niwekee yale maandishi ya kizamani, ya magazeti ya Kizungu," anataja ukoo mzima, siyo fonti moja. Ukoo huo ulianza Ulaya Magharibi katika karne ya 12. Vyuo vilikuwa vinaongezeka, vitabu vinahitajika, na ngozi ya kuandikia ni ghali. Waandishi wakazibana herufi za mviringo walizozirithi, wakazivunja mapindo yake yakawa pembe, na ukurasa mmoja ukameza maneno mengi zaidi. Jina "Kigothi" lilikuja baadaye, nalo lilikuwa tusi: wasomi wa Italia waliona herufi hizi ni za kishenzi, wakazibandika jina la Wagothi walioiteka Roma mwaka 410.

Wanaukoo wanne wanakutosha. Tekstura ndiyo iliyobanana na kusimama wima kuliko zote. Jina lake linatokana na ufumaji, na ukurasa wake ukiutazama kwa mbali ni kama mkeka ulioshonwa vizuri. Gutenberg, mchapaji wa Kijerumani, aliitumia mjini Mainz kuchapa Biblia yake yenye mistari 42 kwa safu, kazi iliyokamilika karibu na mwaka 1455 kwa nakala takriban 180. Old English ni mjukuu wake wa Uingereza. Rotunda ni ya Italia na Hispania, nene, ya mviringo, na ndiyo rahisi zaidi kusoma. Schwabacher ni ya Kijerumani. Agano Jipya la Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, la Septemba 1522 lilichapwa kwayo huko Wittenberg. Ya nne ni Frakturi, iliyotengenezwa enzi za Kaisari Maximilian I mwanzoni mwa karne ya 16. Kitabu chake cha sala kilichapwa kwa herufi za namna hiyo mwaka 1513 huko Augsburg.

Frakturi ndiyo waliyoizoea Wajerumani wakati walipokuja kututawala. Walituachia "shule" na "hela", lakini hizo herufi hawakutuachia, kwani desturi ya wachapaji wao ilikuwa kuyaweka maneno ya lugha ngeni kwa herufi za Kirumi, hizi tunazozitumia kila siku. Kwa hiyo Frakturi haikupimwa sana kwa Kiswahili, na kazi ya kuipima imekuangukia wewe.

Pima maneno yako kabla hujamwonyesha mteja chochote

Hapa ndipo miongozo mingi ya mtandaoni inapotuacha, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Fungua ukurasa mtupu, andika maneno halisi yatakayokuwa kwenye cheti kwa herufi ndogo, kisha yapitie kwa maswali manne.

Swali la kwanza ni la nguzo. Katika Tekstura herufi i ni nguzo moja, n ni mbili, u ni mbili, m ni tatu, na zote zinafanana. Sasa andika "muumini". Umesimamisha nguzo kumi na nne mfululizo, bila hata herufi moja ya duara ya kumpumzisha msomaji. Ni ua wa fito. Waandishi wa Kilatini waliliona tatizo hilo zamani, ndiyo maana wakaanza kuweka kijistari kidogo juu ya i kuitenganisha na jirani zake, na kijistari hicho ndicho kilichokuja kuwa nukta tunayoweka leo. Kiswahili kina nguzo nyingi sana: uaminifu, umahiri, uimbaji, kuhitimu, mwanafunzi. "Tuzo ya Uaminifu" ni maneno ya kawaida kabisa kwenye vyeti vya shule, na kwa Tekstura iliyobana yanachosha macho. Neno likizidi nguzo kumi bila a, e, o wala herufi yenye shingo ndefu kama b au l ya kulikata, chagua fonti pana zaidi au badilisha neno. Mara nyingi mimi hubadilisha fonti, maana mwalimu mkuu hatakubali "Uaminifu" igeuzwe.

La pili ni k. Kiswahili bila k hakiendi: ki-, ku-, kwa, katika. Kwenye Frakturi halisi, k ndogo ni kama t iliyofungwa fundo kichwani. Mtu asiyeizoea ataisoma "kuku" kama "tutu". Hata y ina vituko vyake, hukaa kama n iliyoota mkia. Old English na fonti za Rotunda huwa na k inayotambulika haraka. Kwa sababu hiyo peke yake, kazi ya Kiswahili siiwekei Frakturi ila mteja aiombe kwa jina, na hao ni wachache mno.

La tatu ni s. Ukipakua Frakturi ya bure utakuta herufi ſ, s ndefu, inayofanana na f iliyokatwa mkono mmoja. Kanuni ya Kijerumani iliiweka mwanzoni na katikati ya neno, na s ya kawaida ikabaki mwishoni. Hebu ipeleke kanuni hiyo kwenye Kiswahili: maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo s ya kawaida isingepata kazi isipokuwa kwenye majina ya kigeni kama Thomas. "Sisi" lingeanza kusomwa "fifi". Achana na s ndefu kabisa, hata kama kuna kijana atakayekuambia ndiyo asili.

La nne ndilo lililonimaliza mimi: herufi kubwa. Herufi kubwa za Kigothi zilichorwa kusimama peke yake mwanzoni mwa neno, zikiwa na mapambo, matumbo na nyuzi za ndani. Ukizipanga saba kwa mfululizo, kila moja inapigania nafasi na jirani yake. Kwenye Frakturi hali ni mbaya zaidi: A inasomeka kama U, B na V ni pacha, na I na J kwa desturi zina umbo moja, kwa hiyo Issa na Juma wanaanza sawasawa. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa za Kigothi. Hata vifupisho. Kama jina la taasisi ni kifupisho cha herufi nne au tano, kiweke kwa fonti ya kawaida, na Kigothi kipe neno lingine.

Fanya kwa mkono kwanza, hata kama utachapa

Najua wengi wataruka sehemu hii. Lakini saa mbili za kuandika kwa mkono zitakuonyesha kwa nini herufi hizi zina umbo hilo, na baada ya hapo hutakaa uipinde wala kuivuta fonti kwenye kompyuta.

Unahitaji ncha pana iliyo bapa. Kalamu ya nibu pana haipatikani kila mji. Kama huna, nunua maka yenye ncha ya patasi, au funga penseli mbili kwa mpira ncha zikiwa sawasawa: kila mstari utatoka na kingo mbili, na kwa mazoezi hiyo inatosha kabisa. Njia nyingine ni tete. Watu wa pwani walinakili misahafu kwa kalamu za tete, na neno lenyewe "kalamu" lilikuja na Kiarabu. Tofauti ni kwamba kalamu ya khati za Kiarabu hukatwa ncha mshazari, na ya Kigothi ikate sawa.

Piga mistari. Urefu wa mwili wa herufi ndogo ni upana wa ncha mara tano. Kwa ncha ya milimita 3, hiyo ni milimita 15. Ongeza milimita 6 juu kwa shingo za b, h, k na l, na 6 nyingine chini kwa mikia ya g, p na y. Shika kalamu ikiwa imeinama digrii 40 hadi 45 na usiizungushe mkononi. Mkono ndio unaosafiri, pembe inabaki vilevile. Kwa pembe hiyo ncha ya milimita 3 itakupa nguzo nene ya milimita 2 na kidogo.

Sasa andika i. Weka ncha, isukume kidogo kulia itoke alama kama uru ya kwenye karata, teremka wima, malizia na uru nyingine chini. Andika i ishirini. Kazi yenyewe iko kwenye nafasi: weupe kati ya nguzo uwe sawa na unene wa nguzo, au uzidi kidogo tu. Ukishazipata i, unganisha mbili kwa juu upate n, tatu upate m, mbili kwa chini upate u. Baada ya hapo nenda kwenye a, e na o, ambazo ni nguzo zilizovunjwa kwa pembe. Utaona o haina duara popote.

Ukiandika "Cheti" mara kumi kwa namna hii utakuwa umeelewa fonti zote zilizobaki.

Sasa kaa kwenye kompyuta

Kompyuta nyingi zenye programu za ofisi za Microsoft zina Old English Text tayari. Za bure zipo kwenye hazina ya Google: Pirata One imerahisishwa na inasomeka vizuri kwenye skrini, Grenze Gotisch ina unene mbalimbali, UnifrakturMaguntia ni Frakturi kamili kwa anayeitaka. Kwa vyeti vya shule mimi huanza na Old English, nikiona nguzo zimezidi nahamia Pirata One.

Kwenye cheti kimoja, Kigothi kiguse sehemu moja, mbili zikizidi sana. Neno "Cheti" au jina la tuzo juu, basi. Maneno ya katikati, majina, tarehe, namba ya cheti na vyeo vya watia saini viwe kwa fonti ya kawaida yenye vimiguu, vile vijistari vidogo kwenye ncha za herufi, kama Garamond au hata Times. Jina la mhitimu ndilo linalosomwa na mwajiri miaka kumi baadaye akilinganisha na kitambulisho, kwa hiyo lisiwe na utata hata chembe. Namba vilevile: tarakimu za Kigothi ni nzuri kwa saa ya ukutani, siyo kwa tarehe ya kuzaliwa.

Ukubwa wa kichwa cha cheti cha A4 huwa nauweka kati ya pointi 40 na 60. Chini ya pointi 18 siiweki Kigothi kabisa.

Usibonyeze kitufe cha kunenepesha wala cha kulaza. Fonti nyingi za ukoo huu hazina umbo la kulala. Programu itazisukuma tu upande, na nguzo zilizojengwa kusimama wima zitaonekana kama ua uliopigwa na upepo. Wajerumani walipotaka kusisitiza neno kwenye Frakturi walitanua nafasi kati ya herufi, huku ch na ck zikibaki zimeshikana. Wewe usitanue, kwenye kichwa cha maneno mawili husisitizi kitu, unavunja tu ule ufumaji. Na ikiwa fonti yako inaunganisha c na h kuwa umbo moja, iache iunganishe. Kwetu ch ni sauti moja, kwa hiyo muungano huo unatufaa kuliko ulivyowahi kuwafaa Waingereza.

Wateja wanapenda sana maneno yaliyopinda kama upinde wa mvua juu ya nembo. Kwa fonti nyingine sawa. Kwa Kigothi nakataa, kwa adabu. Kila nguzo itaelekea upande wake na neno litafumuka. Vivuli na mistari ya nje, hivyo hivyo.

Rangi ni jambo ambalo wa zamani walilijua vizuri. Maandishi meusi, na nyekundu kwa vichwa na herufi za kuanzia tu. Gutenberg alijaribu kuchapa vichwa vyekundu kwenye kurasa za mwanzo, akaacha, kazi hiyo ikarudi kwa watu wa kuandika kwa mkono. Kwenye cheti, ile C kubwa ya "Cheti" ikiwa nyekundu iliyokolea na vingine vyote vikiwa vyeusi, huhitaji mapambo ya pembeni. Dhahabu ya kompyuta, ile inayotoka njano ikaenda kahawia, sijawahi kuiona ikipendeza ikishachapwa.

Herufi hizi husema kabla hazijasomwa

Kwa Mwingereza zinanusa sheria, kanisa na chuo; Biblia ya King James ya 1611 ilitoka mara ya kwanza kwa herufi za Kigothi. Magazeti yalizibakiza kwenye jina la juu hata habari zote zilipohamia herufi za Kirumi. The New York Times bado linazo, ingawa nukta iliyokuwa mwishoni mwa jina iliondolewa mwaka 1967. Los Angeles, vijana wenye asili ya Mexico walizichukua kwa maandishi ya ukutani na michoro ya mwilini, kutoka huko zikaingia kwenye kofia, fulana na kava za rap. Bendi za roki nzito nazo zina zao. Kwa hiyo muulize mteja anataka kuonekana kama nani. Kijana wa Bongo Fleva na padri wanaweza kuja siku moja kuomba fonti ileile, na wote wawili wana haki, ila padri aipate bila minyororo pembeni.

Kama kazi inakwenda Ujerumani au kwa watu wa huko, zungumza nao kwanza. Wengi huzihusisha herufi hizi na Wanazi, waliozipigia debe kwa miaka kadhaa. Kisha tarehe 3 Januari 1941 waraka uliotiwa saini na Martin Bormann, kiongozi mmoja wa chama chao, ukazipiga marufuku kwa kisingizio kwamba ni herufi za Kiyahudi. Kichekesho ni kwamba karatasi ya waraka huo yenyewe ilikuwa na kichwa kilichochapwa kwa Frakturi.

Kabla ya kuchapa vyote

Chapa kimoja tu. Kisha kipeleke kwenye mashine ya fotokopi, toa kopi, na utoe kopi ya ile kopi. Vyeti maisha yake yote ni kutolewa kopi. Kama nyuzi nyembamba ndani ya herufi kubwa zimepotea na C imegeuka kuwa ndoana, ongeza ukubwa au badilisha fonti. Kipimo hiki kinatumika pia kwa mihuri ya mpira, ambako Kigothi huziba wino ndani ya wiki moja, na kwa stika za kukatwa kwa mashine, ambako nyuzi hizo hung'oka pamoja na karatasi ya nyuma. Kwa stika chagua fonti nene isiyo na nyuzi, na herufi ndogo isipungue sentimita 3 kwa urefu.

Umpe nakala hiyo mtu ambaye hajaona kazi yako, akisome kwa sauti akiwa amesimama hatua tatu. Mimi humwita dada wa duka la jirani anayeuza vocha. Akikwama kwenye neno, simsaidii.

Ukituma kazi kwa mchapaji mwingine, geuza maandishi ya Kigothi kuwa mchoro kwanza, au toa PDF iliyobeba fonti ndani yake. Usipofanya hivyo kompyuta yake itaweka fonti yoyote iliyo nayo. Bakiza pia faili lenye maandishi yanayoweza kuhaririwa, kwa sababu mwakani shule itarudi ikitaka vilevile kasoro mwaka na jina la mkuu mpya.

Karatasi ya gramu 200 inatosha. Kama mashine yako ni ya wino, vitandaze vyeti bila kuvipandanisha mpaka kesho yake, hasa pale kwenye herufi nene za juu ambako wino ni mwingi, ndipo umwite mwalimu aje na muhuri wake.